Uliza Mwalimu: Huo uchumi unaokua unaishi ploti gani?

Mwezi uliopita nilidokeza tu, mistari mitatu hivi, kwamba kabla ya kuitupa ripoti ya uchumi ni vizuri kujua imepikwa aje, na wee, simu yangu haijapumzika tangu siku hiyo. Wengine wameniita wakili wa serikali. Mmoja amesema nimenunuliwa, na mimi saa hii nadaiwa kodi ya nyumba, kwa hivyo kama nilinunuliwa basi huyo mnunuzi bado hajalipa. Sawa, leo tuyajibu yote. Kwa wale wageni wa ukurasa huu, nilifundisha hesabu miaka mingi halafu nikapata kazi ya usaili, ile ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na begi ukiuliza watu walikula nini juzi na kilo ngapi, kwa hivyo mengine hapa nimeyaona kwa macho. Barua nimezifupisha.

SWALI: Mwalimu habari ya kazi. Mimi ni mama mboga hapa Kayole. Niliskia kwa redio ati mfumuko wa bei ulishuka mpaka asilimia 2.7 ule mwezi wa Oktoba 2024 na haujawahi kushuka hivyo miaka mingi. Mimi naamka saa kumi usiku naenda Marikiti na sijaona gunia la sukuma wala kreti ya nyanya ikishuka, na wateja wananiuliza mbona mafungu yamekuwa madogo wanadhani nawaibia. Hao watu wanapima bei ya soko gani? *Mama Mapacha, Kayole*

JIBU: Mama, wewe uko sawa na redio iko sawa, na hapo ndipo watu hukosana bure. Ile 2.7 si bei, ni mwendo wa bei. Mtoto wako akikua inchi nne mwaka jana halafu mwaka huu akue inchi moja, hajakuwa mfupi, na ile suruali ya zamani bado haimtoshi. Sasa hebu chukua karatasi. Oktoba 2022 mfumuko ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2023 ukawa 6.9, Oktoba 2024 ukawa hiyo 2.7 ya kwenye redio. Kitu ulichokuwa unanunua shilingi mia Oktoba 2021 kikipanda kwa hizo namba tatu zikifuatana kinafika kama shilingi mia na ishirini. Hakuna mahali kilirudi. Redio inasherehekea kwamba hakikufika mia na thelathini, na wewe unalia kwamba si mia tena, nyote wawili mnasema ukweli ule ule mkiwa mmesimama pande mbili.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ingine ndiyo inayonikera hata mimi. Shirika la takwimu, KNBS, hutuma watu wake madukani na sokoni wiki ya pili na ya tatu ya kila mwezi, wanaandika bei za vitu vile vile vilivyo kwenye kikapu kilichopangwa kwa bei za Februari 2019. Kwenye hicho kikapu chakula ni kama theluthi moja ya matumizi yote, asilimia 32.9. Sasa niambie, kwako theluthi ya pesa ndiyo huenda kwa chakula? Nimekaa na familia hapo Kayole na Mukuru tukijumlisha pamoja, nikitoa kodi na nauli na tokeni za stima na karo, na mara nyingi nilikuta chakula kimekula nusu na zaidi. Kwa hivyo unga ukipanda, wewe unaumia kuliko hiyo namba ya taifa inavyoumia, na mtu wa Runda, mtaa wa matajiri, anaumia kidogo kuliko namba, ndiyo maana anaisoma bila kukunja uso.

KNBS wenyewe wanajua hilo na hupanga watu wa Nairobi kwa mafungu matatu, wa chini, wa kati na wa juu. Lakini hapo pia kuna kitu, kwa sababu fungu la chini kwenye kikapu hiki linabeba nyumba zote zinazotumia mpaka elfu 46 na kitu kwa mwezi. Elfu arobaini na sita! Yule wa elfu kumi na tano aliye kwa chumba kimoja cha mabati amewekwa kapu moja na mtu mwenye bedsita ya mawe na WiFi.

Halafu hayo mafungu yako. Fungu likibaki shilingi kumi na majani yakatoka manane hadi matano, bei imepanda hata kama kumi ni kumi, na msaili aliyefunzwa vizuri anafaa kulipima kwa mizani badala ya kuandika tu "kumi". Wateja wako usiwaeleze sana. Waambie tu gunia linauzwaje Marikiti, wataelewa.

SWALI: Niaje Mwalimu. Niko na digrii ya uchumi kutoka chuo cha hapa hapa Kenya na natarmaki mwaka wa tatu sasa, nauza smokie na mayai stage ya Umoja. Ripoti ya uchumi iliyotoka 2025 inasema nchi ilipata kazi mpya 782,300 mwaka wa 2024. Mimi nauliza tu, zilienda kwa nani? Kuna mtu anazifungia? *Msomi wa Smokie*

JIBU: Kijana wangu, moja ya hizo kazi ni yako. Sikuchezi. Kwa hesabu za kazi zinazotumiwa karibu dunia nzima, mtu aliyefanya kazi angalau saa moja kwa malipo au faida ndani ya zile siku saba kabla ya kuulizwa, huyo ana kazi. Saa moja. Ukiuza smokie Jumatatu asubuhi halafu kanjo, wale askari wa jiji, wakachukua troli na ukakaa nyumbani wiki yote, wewe si mtu asiye na kazi, wewe umeajiriwa. Hicho kipimo hakikutungwa Nairobi ili kukudanganya, kimewekwa ili nchi zilinganishwe, lakini ukikipeleka kwa nchi ambayo hakuna posho ya wasio na kazi na kila mtu lazima achakarike ndio ale, kinakuja na namba nzuri kuliko maisha yalivyo.

Na soma mstari wa pili wa ripoti hiyo hiyo, maana wanaosoma kwa mikutano huishia wa kwanza. Kati ya hizo 782,300, kazi 703,700 zilikuwa za jua kali, zile zisizo rasmi. Yaani kumi zikija, tisa ni za mtu kama wewe, na zile rasmi za barua na payslip hazikufika hata elfu themanini kwa nchi nzima. Hawakuficha, iko kwa maandishi.

Lakini ngoja nikuambie hadithi ambayo kwa digrii yako ulifaa kufunzwa, na kama ulifunzwa ulikuwa umelala. Mwaka wa 1972 shirika la kazi duniani, ILO, lilitoa ripoti kubwa kuhusu ajira hapa Kenya, na ile ripoti ndiyo iliyolifanya neno "sekta isiyo rasmi" lienee duniani kote. Watafiti walikuja wakidhani shida yetu ni watu kukosa kazi. Walipozunguka wakakuta shida ni ingine, watu wanafanya kazi kutoka asubuhi mpaka giza lakini mapato hayatoshi, kuna fundi wa masufuria, kuna wa viatu vya tairi, kuna mama wa chakula kwa kibanda, na hao wote wanatengeneza vitu vinavyotakikana, kwa bei ya watu, bila mkopo na bila msaada wa serikali. Na wakaandika wazi kwamba kitu kinachowaangusha ni pamoja na kuhangaishwa na kubomolewa, basi muache kuwabomolea. 1972 hiyo. Wazazi wako labda hawakuwa wamekutana.

Serikali ilikubali? Polepole sana. Waraka wa Bunge Nambari 1 wa 1986 ukawataja jua kali kama watu wa maana kwa uchumi, na 1992 kukatoka mwingine, Nambari 2, mahususi kwa biashara ndogo na jua kali. Maandishi mazuri, nimeyasoma. Na bado juzi nilisimama hapo Muthurwa nikaona pikapu ya kanjo ikipakia meza ya mtu wa machungwa, machungwa yakibingirika mpaka chini ya matatu na watoto wakiyakimbilia. Kwa hivyo ukiniuliza utafiti uko wapi, uko, na ulisema ukweli miaka hamsini na kitu iliyopita. Swali ni yule mwenye pikapu aliusoma lini.

SWALI: Kwako Mwalimu. Nimestaafu kazi ya serikali. Katika maisha yangu ya ofisi nimeona tafiti zikiletwa kwa maboksi, zina rangi, zina picha, zinawekwa kabatini, na kabati likijaa linanunuliwa lingine. Ukweli ni kwamba utafiti wa sera ni biashara ya hoteli na posho. Nikanushe. *Mstaafu, Lang'ata*

JIBU: Mzee wangu, posho sikanushi. Nimekaa kwa warsha ya siku mbili Naivasha ambayo kilichoamuliwa kingetosha ujumbe mmoja wa simu, na samaki alikuwa mzuri. Na ploti ninayoishi walikuja watu wa shirika moja, sitalitaja, wakatuuliza mambo ya maji wiki nzima, wakapiga picha mtungi wa jirani yangu kutoka pande zote, na hadi leo hatujaletewa hata karatasi moja ya kutuambia walipata nini. Jirani anasema mtungi wake uko Ulaya.

Lakini kabati si hadithi yote, na wewe uliyekuwa ndani ya ofisi unajua kuliko mimi kwamba karatasi zinaingia mezani kwa msimu. Taarifa ya sera ya bajeti inafaa kufika bungeni kufikia 15 Februari, makadirio ya matumizi yafike 30 Aprili, na mwaka wa pesa unafunga 30 Juni. Sasa mtafiti anamaliza ripoti yake tamu Mei, kurasa mia mbili, anaizindua Juni kwa hoteli. Nani ataisoma? Pesa zimeshagawanywa! Ile ile ripoti ingekuja Novemba ikiwa na kurasa nne ingeweza kuhamisha milioni kadhaa. Ndiyo maana serikali ilitaka kuwa na watu wake wa kazi hiyo mwaka mzima, taasisi ya KIPPRA ikaanzishwa 1997, ikapewa sheria yake 2006, na kila mwaka inatoa ripoti ya uchumi wa Kenya. Bunge nalo likapata ofisi yake ya bajeti 2007 ili wabunge wasitegemee tu maneno ya hazina. Kama wanasikilizwa kila mara ni swali lingine.

Na zipo zilizotoka kabatini. Kule Busia, kuanzia 1998, watafiti walichukua shule 75 wakawapa watoto dawa za minyoo kwa zamu, shule zingine zikitangulia zingine zikingoja, ndipo waweze kulinganisha. Walikuta kwamba mahali dawa ilipotangulia utoro ulipungua kwa kama robo, hata kwa watoto ambao hawakumeza dawa wenyewe, kwa sababu mwenzako akitibiwa, mnyoo wake hauji kwako. Kutoka hapo serikali ikaanza mpango wa dawa za minyoo mashuleni nchi nzima 2009, na mmoja wa wale watafiti, Michael Kremer, alishiriki tuzo ya Nobel ya uchumi 2019. Kuna wenzao waliorudia hesabu zile 2015 na wakabishana vikali kwamba faida imekuzwa, na mimi naona hilo ni jambo zuri, maana hesabu isiyoweza kurudiwa na mtu mwingine ni kama mchele usioruhusiwa kuchambuliwa.

Ingine ya karibu zaidi. Zamani kila mtu alikuwa akisema mtoto wa mjini ana bahati, kuna hospitali, kuna maji ya mfereji. Mwaka 1998 takwimu za nchi zilisema kati ya watoto 1,000 kama 112 hufa kabla ya miaka mitano, na Nairobi ni kama 62 tu. Watu wakapumua. Kisha mwaka wa 2000 watafiti wa APHRC, kituo kilicho hapa hapa Nairobi, wakaamua kwenda mitaa ya mabanda peke yake, mabanda yote ya jiji, na wakakuta ni kama 151. Zaidi ya hata mashambani. Wale watoto walikuwepo siku zote, ila vifo vyao vilikuwa vimechanganywa na uzima wa watoto wa Lavington kwenye wastani mmoja, wakapotea. Tangu hapo kituo hicho kimefuatilia Korogocho na Viwandani miaka na miaka, nyumba kwa nyumba, nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki na kwa ugonjwa gani. Mzee, hiyo si biashara ya hoteli. Kuna msaili alienda kubisha mlango uliofiwa.

Halafu nikuulize na mimi. Wewe unalia kwamba karatasi hazifuatwi, lakini kuna moja ilifuatwa mpaka ikatuumiza. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika. Ulisema pesa za maendeleo zipelekwe kwanza mahali zitazaa zaidi, penye ardhi nzuri na mvua, na reli na barabara, na watu walio tayari. Kwa karatasi ni hesabu safi. Kwa ramani maana yake ni kwamba Turkana, Mandera, Wajir wangoje. Ukame na vita vya mpakani vina sehemu yao, sikatai, lakini utafiti wa matumizi ya nyumbani wa 2015/16 ulikuta maskini Turkana ni asilimia 79.4 na Nairobi 16.7, na hapo si ajabu ya mvua peke yake. Ndiyo katiba ya 2010 ikaja na kaunti 47, na mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato, na ule mfuko wa usawazishaji. Kwa hivyo mimi siogopi sana karatasi iliyolala kabatini kama ninavyoogopa karatasi iliyoandikwa na watu ambao hawakuuliza wa Lodwar, kule Turkana, kitu.

SWALI: Mwalimu, mimi niko na ploti Kawangware, vyumba ishirini na nne. Walikuja vijana wawili na tableti wakataka kuuliza wapangaji wangu wanalala wangapi, wanakula nini, choo wanatumia wangapi. Niliwafukuza. Nilijua ni kodi ya nyumba inatafutwa. Mke wangu anasema nilikosea. *Baba Landilodi*

JIBU: Mama yuko sawa, mwambie nimemsalimia.

Kwanza uoga wako una maana, watu wameingia maploti na ujanja mwingi. Msaili wa ukweli ana kitambulisho cha kazi, anapitia kwa chifu au mzee wa mtaa kabla hajagonga, na haulizi PIN ya M-Pesa wala namba ya KRA. Akikuuliza hizo mbili mfukuze na mimi nitakushika mkono. Lakini kwa wale wa KNBS, sheria ya takwimu ya 2006 inawakataza kutoa habari za mtu mmoja mmoja, na kusema ukweli hakuna mtu huko anajali chumba namba saba kinalala wangapi. Wanachotaka ni jumla.

Na hiyo jumla ndiyo nataka uielewe. Ule utafiti wa 2015/16 ulilenga nyumba 24,000, na nchi ilikuwa na kaya zaidi ya milioni 11. Piga hesabu, kila nyumba iliyochaguliwa ilikuwa inabeba zaidi ya mia nne zingine mgongoni. Ukimfukuza msaili kwa ploti yako hujaficha vyumba ishirini na nne, umenyamazisha mtaa. Na wajua nani mwingine hufukuza? Matajiri. Hapo Kileleshwa nilikuwa nasimama kwa geti saa nzima, soja anapiga simu ndani, anarudi, "mdosi hayuko", na gari la mdosi naliona limekaa hapo likioshwa. Ndiyo maana hizi tafiti huwa zinajua vizuri maskini anakula nini kuliko zinavyojua tajiri anaweka wapi, na pengo kati yao kwa vitabu huenda likaonekana dogo kuliko lilivyo.

Wacha nikuonyeshe vile kazi yenyewe hukaa. Chumba kimoja Mukuru, pazia katikati, sufuria juu ya stovu ya mafuta taa. Baba wa nyumba ameketi kitandani ananijibu yeye. Nyama mnakula mara ngapi kwa wiki? "Mara tatu." Mke wake yuko nyuma yake anakunja nguo, anatikisa kichwa polepole, halafu ananyoosha kidole kimoja, halafu anakikunja nusu. Niandike nini? Kanuni inasema uandike alichosema anayejibu lakini uchunguze, basi nikauliza hiyo nyama ni ya pesa ngapi na mlinunua lini mara ya mwisho, baba akakohoa, tukafika kwa matumbo ya shilingi hamsini wiki mbili zilizopita. Mara tatu ilikuwa heshima yake mbele ya mgeni. Hiyo heshima ikiingia kwa tableti bila kuchunguzwa, ile nyumba inatoka kwa hesabu ya umaskini, na wakati huo mstari wa umaskini mjini ulikuwa shilingi 5,995 kwa mtu mzima kwa mwezi, kila kitu ndani, ukipita hapo kwa shilingi tano wewe si maskini tena.

Taifa zima mwaka huo lilipata asilimia 36.1 ya maskini, kutoka kama 46 na kitu miaka kumi nyuma, na 2022 ikapanda tena mpaka 39.8. Watu wakibishana juu ya hizo namba bungeni mimi hukumbuka kile kidole kilichokunjwa.

Wakirudi wape stuli wakae.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kasarani. Sitaki lawama, nataka kujua nitapata wapi ripoti na nitasema wapi nisikike, bila kwenda barabarani maana nina watoto wadogo. *Tichala*

JIBU: Mwalimu mwenzangu, ripoti nyingi za KNBS na KIPPRA ni bure, unashusha kwa simu, ila beba bando maana ni nzito. Anza na jedwali za mwisho, dibaji ruka, dibaji zote zinashukuru watu wale wale. Kitu kisipopatikana, kwa mfano pesa ya madarasa ya wadi yenu ilifanya nini, andika barua kwa ofisi husika ukitumia sheria ya kupata habari ya 2016. Barua inaruhusiwa kwa Kiswahili, sheria imesema hivyo wazi, na wanafaa kukujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, watu huita Ombudsman. Weka nakala, weka tarehe, mwombe karani agonge muhuri nakala yako. Karani hatapenda. Mngoje.

Na maoni yapeleke mapema. Waraka wa mikakati ya pesa wa kaunti unafaa kufika kwa madiwani kufikia 28 Februari, ambayo inamaanisha vikao vya maoni viko kabla ya hapo, na mimi nimeingia kimoja hapo nikakuta watu kumi na mmoja, wawili wakiwa wa kuleta chai. Wengi huamka Juni. Mwaka wa 2024 ilionekana vile inaweza kuwa watu wakisoma wenyewe, ule mswada wa fedha uliotaka ushuru wa asilimia 16 kwa mkate ulisambazwa kwa simu ukichambuliwa kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, hadi bibi yangu wa Kitui alikuwa anajua kifungu cha magari na hana gari. Ushuru wa mkate uliondolewa kabla ya maandamano ya 25 Juni, na siku iliyofuata rais akakataa kutia sahihi mswada wote. Kuna waliofariki kwenye maandamano ya 25 Juni, na hilo halipimwi na ripoti yoyote. Ndiyo maana nakuambia Februari, kwa sababu Februari mtu huenda na kalamu tu.

SWALI: Mwalimu nijibu hii tumalize ubishi hapa nyumbani. Gorogoro ni kilo ngapi? *Mkazamwana, Githurai*

JIBU: Inategemea gorogoro, yaani ule mkebe wa kupimia nafaka, ni ya nani. Watu husema kilo mbili. Sisi kwa usaili tulikuwa na mizani ndogo ya kuning'iniza, na sokoni tulipima mahindi ya wauzaji watatu waliokaa safu moja. Wa kwanza alikuwa amezidisha kilo mbili kidogo. Wa pili akapungua. Wa tatu mkebe wake ulikuwa umepigwa nyundo chini, ukaingia ndani kama bakuli lililogeuzwa, na nilipotaka kuuinua nipime akauweka mapajani akasema huo si wa kuuza, ni wa kukalia.